Kuomba Kazi Marekani Ukiwa na Hukumu ya Zamani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Watu wetu wanaoishi Marekani hukwama mahali pale pale mwaka hadi mwaka. Mtu ameitwa kwenye usaili, amekubalika, ameahidiwa kazi na ameshaaga kule alikokuwa, kisha baada ya siku chache anapokea barua kwamba ahadi ile imesimamishwa kwa sababu ya kilichoonekana katika uchunguzi wa rekodi yake. Nimekaa na wengi wao, barua hiyo ikiwa mezani kati yetu, na mara nyingi tumegundua kwamba hukumu yenyewe isingewanyima kazi. Kilichowaponza ni tofauti kati ya walichoandika kwenye fomu na kilichoandikwa na mahakama.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: isome rekodi yako kabla mwajiri hajaisoma, kisha ujibu swali kama lilivyoulizwa, bila kupunguza wala kuongeza. Sheria za majimbo hutofautiana, kwa hiyo thibitisha kila hatua kwa sheria ya mahali unapoishi. Kama wewe si raia wa Marekani, usiwasilishe ombi lolote mahakamani kabla ya kusoma Hatua ya 5.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Namba ya kila kesi, jina la mahakama na jina la kaunti. Kama umesahau namba, karani wa mahakama huweza kuitafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa.
- Nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri wa karani. Picha uliyopiga kwa simu haitoshi.
- Uthibitisho kwamba ulimaliza adhabu: risiti za faini, barua ya kumaliza kipindi cha uangalizi wa mahakama (probation), au hati ya kuachiliwa.
- Orodha ya majina yote uliyowahi kuandikwa, pamoja na kila tahajia iliyowahi kutumika kwenye viza, kadi ya ukaazi, leseni na kadi ya bima ya jamii.
- Anwani zako zote za miaka 7 iliyopita.
- Barua mbili au tatu za watu wanaokufahamu vizuri, kama vile msimamizi wa kazi, mwalimu, imamu au mchungaji.
- Folda moja ya kuwekea kila barua utakayopokea pamoja na bahasha yake. Muhuri wa posta ulio juu ya bahasha huonyesha barua ilitumwa siku gani, na katika jambo hili siku huhesabiwa.

## Hatua ya 1: Ichukue rekodi yako mwenyewe

Anza kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi yako. Omba maelezo yote ya mwenendo wa kesi pamoja na nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mwisho.

Baada ya hapo, omba rekodi yako kutoka FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Utatoa alama za vidole na kulipa ada ya dola 18. Ombi hufanywa mtandaoni au kwa barua, na ukiomba mtandaoni unaweza kuchukuliwa alama za vidole katika baadhi ya ofisi za posta. Polisi wa jimbo nao huwa na utaratibu wao wa kukupa rekodi ya jimbo hilo.

Rekodi hizi zinahitajika zote kwa sababu hazifanani. Rekodi ya FBI inaweza kuonyesha kwamba ulikamatwa bila kuonyesha kwamba mashtaka yalifutwa, kwa kuwa polisi walipeleka taarifa ya kukamatwa lakini hakuna aliyepeleka taarifa ya mwisho wa kesi. Mwajiri akisoma karatasi hiyo peke yake hujiuliza kesi iliishaje, na jibu huwa lipo kwenye kabati la karani tu.

Tahadhari: Usitegemee tovuti zinazodai kukuonyesha rekodi ya mtu yeyote kwa dola chache. Mara nyingi huchanganya watu wenye majina yanayofanana, na hazikupi hati yoyote unayoweza kumwonyesha mwajiri.

Utajua umefaulu utakapokuwa na ukurasa mmoja wenye mambo matano kwa kila kesi: siku uliyokamatwa, kosa uliloshtakiwa, uamuzi wa mwisho, adhabu, na siku uliyomaliza adhabu hiyo.

## Hatua ya 2: Elewa kesi yako iliishaje

Katika karatasi za mahakama kuna mstari unaoitwa “disposition”. Huo ndio mwisho wa kesi, na ndio mstari unaoamua utajibu nini kwenye fomu.

Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti. Aliyekamatwa akaachiliwa hakutiwa hatiani. Aliyeshtakiwa na mashtaka yakafutwa hakutiwa hatiani. Aliyekiri kosa mbele ya hakimu ametiwa hatiani hata kama hakulala jela hata usiku mmoja, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo inaruhusu hakimu kuahirisha uamuzi. Texas, kwa mfano, ina utaratibu ambao mshtakiwa hukiri, huwekwa chini ya uangalizi, na akimaliza vizuri kesi hufutwa bila hukumu ya hatia kuandikwa. Hata hivyo, kesi hiyo huendelea kuonekana kwa wachunguzi mpaka mtu apate amri ya mahakama ya kuifunga.

Wengi huanguka kwenye makosa ya barabarani. Dada mmoja niliyemsaidia alikuwa ameandika “hapana” kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa alichokumbuka ni kulipa faini dirishani na kurudi nyumbani. Tulipofungua karatasi yake tulikuta amekiri kosa la kuendesha gari wakati leseni imesimamishwa, na katika jimbo lake hilo ni kosa la jinai. Kulipa kule dirishani ndiko kulikokuwa kukiri. Hakuwa mwongo, lakini kwenye meza ya mwajiri alionekana mwongo, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kukosa kazi.

Angalia pia kama kosa lako ni dogo au ni feloni, yaani kosa kubwa ambalo kwa kawaida adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani. Zipo fomu zinazouliza kuhusu feloni tu, na anayetaja kosa dogo hapo ametoa jibu ambalo hakuombwa.

## Hatua ya 3: Hakikisha rekodi hiyo ni yako kweli

Hatua hii inawahusu watu wetu kuliko jamii nyingine nyingi, na ningependa msomaji asiiruke.

Kampuni nyingi za uchunguzi hutafuta rekodi kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa fikiria mkimbizi kutoka Kongo, Burundi au Somalia ambaye kambini hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Aliandikiwa tarehe 1 Januari, na maelfu ya wenzake wakaandikiwa tarehe hiyo hiyo. Ongeza jina ambalo nusu ya mtaa wanalo, kama Hassan Mohamed au Jean Claude. Watu wawili wenye jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa watakuwa na tarehe moja ya kuzaliwa, na kosa la mmoja litaangukia ripoti ya mwingine.

Mpangilio wa majina nao una matatizo yake. Kwetu mtu huitwa jina lake, la baba na la babu, lakini mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Ofisi moja imeandika jina la babu kuwa la ukoo, nyingine imeandika la baba, na ya tatu imeunganisha yote mawili. Rekodi ya mtu mmoja inatawanyika kama ya watu watatu, au ya watu watatu inakusanywa kwa mmoja.

Fanya hivi: linganisha kila kesi uliyoikuta na kaunti ulizowahi kuishi, kwa tarehe. Ukikuta kesi ya kaunti ambayo hujawahi kuishi, omba nakala kutoka kwa karani wa huko na uangalie anwani, urefu, picha kama ipo, na sahihi. Kama si wewe, alama za vidole ndizo ushahidi wenye nguvu zaidi, na ndiyo maana rekodi ya FBI ya Hatua ya 1 inafaa hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani.

Utajua umefaulu utakapoweza kusema kwa kila mstari, “hii ni yangu” au “hii si yangu”, na kuwa na karatasi ya kuthibitisha.

## Hatua ya 4: Jua milango iliyofungwa na sheria

Katika kazi nyingi mwajiri ndiye mwenye uamuzi. Zipo chache ambazo sheria imemfunga mikono, na hutamshawishi kwa barua nzuri. Ni afadhali kujua mapema kuliko kulipia mafunzo ya miezi kadhaa.

Huduma za afya. Hapa ndipo wengi wetu tunafanya kazi, hasa kutunza wazee. Majimbo huwa na orodha za makosa yanayomzuia mtu kuwahudumia watu wasiojiweza, na serikali kuu ina orodha ya watu waliozuiwa kulipwa kwa fedha za Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya bima ya afya. Aliyetiwa hatiani kwa wizi dhidi ya mipango hiyo au kwa kumtesa mgonjwa huzuiwa kwa miaka isiyopungua 5. Baadhi ya majimbo, Minnesota likiwa mojawapo, huruhusu aliyezuiwa kuomba zuio liondolewe baada ya kueleza mazingira yake, kwa hiyo barua ya jimbo ikifika usiitupe. Tafuta ndani yake siku ya mwisho ya kuomba.

Benki. Makosa ya udanganyifu na wizi huzuia ajira katika benki zenye bima ya serikali. Sheria ililegezwa Desemba 2022, na kwa sehemu kubwa ya makosa hayo zuio halifanyi kazi tena ikiwa imepita miaka 7 tangu kosa litendeke, au miaka 5 tangu mtu aachiliwe kutoka gerezani.

Viwanja vya ndege. Kibali cha kuingia maeneo ya usalama huangalia orodha maalumu ya makosa kwa miaka 10 iliyopita.

Malori. Dereva mwenye leseni ya biashara akipatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa, hata kama alikuwa kwenye gari lake dogo la nyumbani, huondolewa barabarani kwa mwaka mmoja, na kosa la pili linaweza kumwondoa maisha.

## Hatua ya 5: Tafuta kufungiwa au kufutiwa rekodi, kwa uangalifu

Majimbo mengi huruhusu rekodi ifungwe ili waajiri wa kawaida wasiione, na mengine huruhusu ifutwe kabisa. Pennsylvania ilikuwa ya kwanza, mwaka 2018, kupitisha sheria ya kufunga rekodi kadhaa bila mtu kuomba, na majimbo kama Michigan, Utah na Minnesota yamefuata. Usidhani yako imefungwa kwa sababu muda umefika. Rudi kwa karani uhakikishe.

Pale ambapo rekodi haiwezi kufungwa, uliza kama jimbo linatoa hati ya kurejeshewa sifa ya kuajiriwa. Ohio inayo tangu 2012: mahakama huitoa baada ya kuchunguza mwenendo wa mwombaji, na humkinga mwajiri asishtakiwe kwa uzembe eti kwa kumwajiri mtu mwenye rekodi. New York nayo ina hati zake za aina hiyo.

Sasa onyo kwa wenye kadi ya ukaazi, hifadhi, viza au hadhi nyingine isiyo uraia. Sheria ya uhamiaji ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani, iliyowekwa mwaka 1996. Kwa sheria hiyo, ukikiri kosa na hakimu akaweka adhabu au masharti yoyote, umetiwa hatiani, hata kama jimbo linasema kesi ilifutwa baadaye. Kwa kawaida kufutiwa rekodi na jimbo hakuifuti kwa Idara ya Uhamiaji. Fomu ya kuomba uraia huuliza hata kuhusu kukamatwa na kuhusu rekodi zilizofutwa, na anayeficha hapo huleta tatizo kubwa kuliko kosa la awali.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, chukua nakala mbili au tatu zilizothibitishwa za hukumu na uzihifadhi. Nimeona mtu amefutiwa kesi, karani ameharibu jalada, kisha afisa wa uhamiaji anadai karatasi ambayo haipo tena duniani. Zungumza na wakili wa uhamiaji, si wakili wa jinai peke yake.

## Hatua ya 6: Jibu swali lililoulizwa

Soma swali la fomu mara tatu, kisha jiulize: linauliza kukamatwa au kutiwa hatiani? Feloni au kosa lolote? Kwa miaka mingapi? Linatoa ruhusa ya kutotaja rekodi zilizofungwa? Jibu ndani ya mipaka hiyo tu.

Usijitolee kueleza kabla ya kuulizwa. Majimbo zaidi ya 30 yamezuia ofisi za umma kuuliza jambo hili kwenye fomu ya kwanza, na baadhi yamewazuia hata waajiri binafsi. California, tangu 1 Januari 2018, mwajiri mwenye wafanyakazi 5 au zaidi hawezi kuuliza mpaka awe ameshatoa ofa ya kazi yenye masharti. Jiji la New York lina sheria kama hiyo tangu 2015, na ofisi za serikali kuu pamoja na wakandarasi wake tangu Desemba 2021. Sheria ikikulinda usiulizwe mapema, uache uwezo wako uonekane kwanza.

Lakini ukiulizwa kihalali, usiseme uongo. Uongo kwenye fomu ni sababu ya kukufukuza hata baada ya miaka mitatu ya kazi safi, na hakuna wakili atakayekusaidia sana hapo.

Kabla ya uchunguzi, sheria ya mwaka 1970 inayojulikana kama FCRA inamtaka mwajiri anayetumia kampuni ya uchunguzi akupe taarifa katika karatasi ya peke yake na apate ridhaa yako ya maandishi. Karatasi hiyo ikiwa na kisanduku cha kuomba nakala ya ripoti, kitie alama.

## Hatua ya 7: Andika maelezo mafupi

Tume ya EEOC, inayosimamia usawa kazini, iliwaelekeza waajiri mwaka 2012 wapime mambo matatu: aina na uzito wa kosa, muda uliopita, na aina ya kazi inayoombwa. Barua yako ifuate mambo hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, isizidi ukurasa mmoja. Wengi huandika kurasa nne za majuto na maelezo ya nani alimchokoza nani, na msomaji huchoka kabla ya kufika kwenye miaka tisa ya kazi nzuri.

Kwa maana, ikae hivi, ingawa utaiandika kwa Kiingereza:

“Mwaka 2015 nilikiri kosa dogo la wizi wa dukani. Nililipa faini na kumaliza miezi sita ya uangalizi. Barua ya kumaliza imeambatanishwa. Sijawahi kukamatwa tena. Tangu 2017 nimefanya kazi ghalani, na kwa miaka mitatu nimekabidhiwa kuhesabu mali. Barua ya msimamizi wangu imeambatanishwa. Niko tayari kujibu swali lolote.”

Kama mwajiri anahofia mali yake, mwambie kuhusu mpango wa dhamana wa Wizara ya Kazi ya Marekani, ambao humpa bima ya bure kuanzia dola 5,000 kwa miezi 6 ya kwanza ya mfanyakazi mwenye rekodi. Waajiri wengi hawajawahi kuusikia.

## Hatua ya 8: Barua ya awali ikifika, hesabu siku

Kabla ya kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti ya kampuni ya uchunguzi, FCRA inamlazimu mwajiri akutumie nakala ya ripoti hiyo na muhtasari wa haki zako. Barua hii haimaanishi umeshanyimwa. Ni nafasi yako ya kusema, na wengi huipoteza kwa kukata tamaa na kuiweka droo.

California na Jiji la New York huweka angalau siku 5 za kazi kwa mwombaji kujibu. FCRA yenyewe haitaji idadi ya siku, kwa hiyo jibu siku ile ile au kesho yake.

Tafuta makosa yafuatayo katika ripoti:

- kesi isiyo yako, kama tulivyoona katika Hatua ya 3;
- kesi moja iliyoandikwa mara mbili;
- kosa dogo lililoandikwa kuwa feloni;
- kesi iliyofutwa bila kufutwa kwake kutajwa;
- rekodi iliyofungwa na mahakama;
- kukamatwa bila hukumu kulikopita miaka 7, ambako kwa kawaida hakuruhusiwi kuripotiwa isipokuwa kazi yenye mshahara wa dola 75,000 kwa mwaka au zaidi.

Hukumu za hatia hazina kikomo hicho katika sheria ya serikali kuu, ingawa California na majimbo mengine machache yameweka chao.

Ukiona kosa, andika barua mbili. Ya kwanza iende kwa kampuni ya uchunguzi, kwa posta yenye risiti, pamoja na nakala ya karani; kampuni ina siku 30 za kuchunguza. Ya pili iende kwa mwajiri siku hiyo hiyo, ikimwomba ashikilie nafasi mpaka jibu lipatikane. Kumwandikia mwajiri peke yake hakutoshi, kwa sababu ripoti itabaki na kosa na itakufuata kwa mwajiri wa pili. Kama ripoti ni sahihi, tuma barua ya Hatua ya 7 na viambatanisho vyake.

Utajua umefaulu utakapopata ripoti iliyosahihishwa mkononi, si ahadi ya simu.

## Hatua ya 9: Ukinyimwa kazi hata hivyo

Barua ya mwisho lazima itaje jina, anwani na simu ya kampuni iliyotoa ripoti, na iseme kwamba kampuni hiyo siyo iliyofanya uamuzi. Kuanzia hapo una siku 60 za kuomba nakala nyingine ya ripoti bila malipo.

Ikiwa hukupewa barua ya awali, au hukupewa ripoti, huenda mwajiri amevunja FCRA, na dai linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 2 tangu ulipogundua. Ikiwa unaamini kwamba mwenzako wa kabila au taifa lingine mwenye rekodi kama yako aliajiriwa wewe ukaachwa, au kwamba mwajiri huwakataa wote wenye rekodi bila kuangalia kosa, muda wala kazi, peleka malalamiko EEOC. Muda ni siku 180 tangu uliponyimwa, na hufika siku 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake cha kusimamia sheria ya kuzuia ubaguzi kazini. Kampuni yenye wafanyakazi chini ya 15 haiguswi na sheria ya ubaguzi ya serikali kuu inayosimamiwa na EEOC, lakini inaweza kuguswa na ya jimbo.

Ofisi za msaada wa kisheria za kaunti huwapokea wenye kipato kidogo bila malipo, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Nenda na ile folda nzima, bahasha zikiwemo, na ule ukurasa mmoja wa Hatua ya 1 uuweke juu kabisa.